Kanisa Lililoingia kwa Miguu ya Makatekista

Vita vya Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, vya tarehe 24 Januari 1892 viliamuliwa kwa siku moja, lakini matokeo yake yaliamua ni padre gani angehubiri wapi mpaka chini ya Mlima Elgon, nchi ambayo wengi wa wapiganaji hao walikuwa hawajaiona bado. Waganda waliobatizwa na mapadre wa Kifaransa waliitwa Wafaransa. Waliobatizwa na wamisionari wa Kianglikana waliitwa Waingereza. Wote walikuwa Waganda, watoto wa mama na shangazi wamoja, na miaka sita tu nyuma wenzao wa pande zote mbili walikuwa wamechomwa moto pamoja Namugongo kwa amri ya mfalme huyo, Kabaka Mwanga. Siku hiyo Mengo walipigana risasi. Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa bombomu yake ya Maxim. Wakatoliki wakashindwa na wengi wao wakakimbilia mkoa wa Buddu.

Ukatoliki wa Uganda ulianza karne mpya ukiwa na jeraha hilo. Ulikuwa na waumini wengi na mashahidi wake, lakini machoni pa wakubwa wa himaya ya Waingereza iliyotangazwa mwaka 1894 ulikuwa dini ya watu wa nchi nyingine, watu wasioaminika sana. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini Kanisa hili lilikua jinsi lilivyokua mashariki, katika Jinja, Budaka, Mbale na vilima vya Wagisu, lazima aanzie kwenye ukweli huo. Halikuwahi kukalia kiti cha enzi. Nguvu yake ilibidi itoke kwingine.

Roma ilitafuta dawa ya jina la Wafaransa, na dawa ikapatikana London. Herbert Vaughan alikuwa ameanzisha shirika la wamisionari huko Mill Hill mwaka 1866, na kufikia wakati huo alikuwa kardinali. Tarehe 13 Julai 1894 eneo la mashariki lilikatwa kutoka kwa Mapadre Weupe, ndio hao mapadre wa Kifaransa, na kukabidhiwa shirika lake, likiitwa Vikarieti ya Nile ya Juu. Hoja ilikuwa wazi: watu waone kwamba mtu anaweza kuwa Mwingereza na Mkatoliki. Askofu wa kwanza, Henry Hanlon, alikuwa amefanya utume Ladakh, kwenye milima ya Himalaya, na aliingia Uganda mwaka 1895 akiwa na mapadre wenzake 4 baada ya kutembea kutoka pwani, kwa kuwa reli ilikuwa bado haijaanza kujengwa. Alipewa kilima cha Nsambya, ng'ambo ya Mengo. Nyuma yake kulikuwa na vikarieti kubwa ajabu, iliyojumuisha hata Mumias na Kisumu mpaka sehemu hiyo ya Kenya ilipotengwa mwaka 1925.

Hesabu hiyo ya kisiasa haikwenda kama ilivyopangwa. Shirika la Mill Hill lilipata vijana wake wengi Uholanzi, Ireland na Tirol, na maaskofu waliomfuata Hanlon kama Biermans na Reesinck walikuwa Waholanzi. Msoga aliyemwona padre akipita na baiskeli alikuwa akimtazama mtoto wa mkulima wa Uholanzi anayezungumza Kiingereza chenye lafudhi na Luganda bora kuliko hicho Kiingereza. Nadhani jambo hilo lilisaidia. Watu hao hawakuwa na ndugu katika ofisi ya gavana.

Mashariki yenyewe ilifunguliwa kwa mtutu na mtu mmoja: Semei Kakungulu, jemadari wa upande wa Waprotestanti. Alivuka na askari wake kutoka Buganda mwishoni mwa karne ya 19, akajenga ngome Budaka, kisha akahamia karibu na kilima cha Nkoma, na mji wa Mbale ukakua kandokando ya boma lake. Mwaka 1906 Waingereza walimwondoa kule na kumpeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, kazi aliyoifanya mpaka 1913. Miji hii miwili ya mashariki ilipitia mikononi mwa mtu mmoja, na alikuwa mtu wa dini ile nyingine. Machifu aliowasimika walikuwa watu wake. Aliyetaka ardhi, cheo au huruma ya mahakama alijua aende kusoma wapi.

Mwisho wa safari ya Kakungulu unajulikana. Aliwakasirikia Waingereza, akajiunga na Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akachukua Agano la Kale peke yake, akajitahiri na kutahiri wanawe. Jamii ya Wayahudi aliyoiacha ipo mpaka leo kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi dini zilivyokuwa katika nchi hiyo changa. Zilikuwa njia za kuchagua mtu unataka kuwa nani mbele ya mzungu, na njia hizo zilibadilishwa.

Wakatoliki waliingia nyuma ya jemadari huyo, na bila jeshi. Walianza kituo Budaka, wakafika Nyondo kusini mwa Mbale, jirani kabisa na Nabumali ambako Waanglikana walikuwa wametangulia. Mpaka leo mtu anayetoka Tororo kwenda Mbale anapita maeneo hayo mawili yaliyo karibu, kila moja na kanisa lake, shule zake na kumbukumbu zake.

Hata hivyo mapadre walikuwa wachache mno. Parokia moja ingeweza kuchukua eneo la kutembea siku nzima au zaidi. Waliolibeba Kanisa kijijini ni makatekista, mwanzoni wengi wao Waganda, baadaye Wagisu, Wasoga, Wagwere, Wateso na Wajopadhola waliofundishwa nao. Katekista alijenga kibanda cha miti na nyasi, akagonga kipande cha chuma asubuhi, na watu wakaja kurudia maswali na majibu ya katekisimu mpaka wayaseme bila kukosea. Kusoma herufi na kujitayarisha kwa ubatizo vilikwenda pamoja. Alizika wafu, alisuluhisha ndoa, alibatiza mtoto anayekata roho usiku, na padre alipofika baada ya wiki nyingi alimkabidhi orodha ya walio tayari. Mshahara wake ulikuwa kitu cha kuhurumiwa. Majina ya maaskofu yameandikwa kwenye marumaru. Ya makatekista wengi yamebaki kwenye madaftari ya ubatizo, na nayo yameliwa na mchwa.

Walikuja na Luganda. Kwa miongo mingi sala, nyimbo na katekisimu katika Bugisu na Busoga zilisomwa kwa lugha ya Kampala. Wazee waliopata imani kwa njia hiyo waliipenda lugha ile kama lugha ya ibada, lakini wengine waliona kwamba wamevikwa nguo ya mtu mwingine. Malalamiko dhidi ya mawakala wa Kiganda waliotawala kwa niaba ya Waingereza yalikuwa ya kodi na ardhi kwanza, lakini yaligusa kanisani pia.

Busoga ilikuwa na jibu lake kwa wale waliodhani imani hii ni mali ya Waganda. Mmoja wa mashahidi 22 Wakatoliki, Gonzaga Gonza, alikuwa Msoga, kijana wa ikulu ya Mwanga. Alipokuwa akiburutwa kwenda Namugongo minyororo ilimkata miguu mpaka akashindwa kuendelea, wakamuua kwa mkuki njiani, Lubowa, tarehe 27 Mei 1886. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu Oktoba 1964, Busoga ilipata mtakatifu wake wa kwanza, na hakuwa chifu wala padre.

Walioibadilisha kweli sura ya Ukatoliki wa upande huu, kwa maoni yangu, ni wanawake. Januari 1903 masista 6 Wafransisko walifika Nsambya. Kiongozi wao baadaye alikuwa Teresa Kearney, mtoto wa wakulima wa Wicklow, Ireland, aliyejulikana kwa jina la kitawa, Mama Kevin. Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Hawakuwa na daktari, na vidonda vya funza, malale na malaria vilikuja kwa foleni. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza walihudumia wapagazi wa Kiafrika waliorudishwa wakiwa mifupa mitupu, na Mama Kevin alikasirishwa sana na jinsi watu hao walivyotendewa. Kutoka Nsambya kazi yao ilienea mashariki: Nkokonjeru, Kamuli na kwingineko, zahanati, wodi za wazazi, shule za wasichana. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista wazalendo, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wakati ambapo wazungu wengi, hata wa kanisani, hawakuamini kwamba msichana Mwafrika anaweza kuishi useja wa kitawa. Mwaka 1942 ikafunguliwa shule ya wasichana ya Namagunga, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja.

Mama Kevin alifariki Marekani mwaka 1957, akazikwa Ireland. Watu wa Uganda hawakukubali. Walidai mwili wake, ukafukuliwa na kuletwa kwa ndege, ukazikwa upya Nkokonjeru kabla mwaka haujaisha.

Kazi yake nyingine ilikuwa Buluba, kando ya Ziwa Viktoria, mashariki ya Jinja, kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichoanzishwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1951 alifika pale daktari Mpolandi, Wanda Błeńska, mlei aliyekuwa amepitia vita na harakati za kupinga utawala wa Wajerumani nchini kwao. Watu wa enzi hizo walimkwepa mkoma hata kivuli chake. Alifukuzwa nyumbani, akajengewa kibanda pembeni, sahani yake haikuguswa. Błeńska alipompokea mgonjwa alimpa mkono mtupu bila glavu, akaushika ule mkono wenye vidole vilivyojikunja, akauchunguza taratibu mbele ya wengine ili waone. Alijua kitabibu kwamba ukoma hauambukizi kirahisi, lakini wagonjwa hawakuhitaji mhadhara, walihitaji kuguswa. Alikaa Buluba zaidi ya miaka 40, akapageuza kuwa mahali pa kufundishia wahudumu wa afya namna ya kutibu ugonjwa huo, na alifariki kwao Poznań mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 103. Ukimuuliza Msoga mzee Kanisa Katoliki limefanya nini, huenda asitaje katekisimu kabisa. Atakutajia Buluba.

Shule na hospitali zilizaa wasomi, na wasomi wakataka haki. Kwa nusu karne Wakatoliki, ingawa ndio waliokuwa wengi kuliko dhehebu lingine lolote, walikuwa wameambulia vyeo vichache kuliko idadi yao. Mwaka 1954 kikaundwa chama cha Democratic Party. Mmoja wa viongozi wake wa kwanza, Matayo Mugwanya, alikuwa Mkatoliki aliyekosa ukatikiro, yaani uwaziri mkuu, wa Buganda, na wapinzani wakakibatiza kwa dhihaka "Dini ya Papa". Chama cha UPC cha Obote nacho kikasemwa kuwa cha Waprotestanti wa Canterbury. Benedicto Kiwanuka aliiongoza DP kushinda uchaguzi wa Machi 1961, lakini Aprili 1962 UPC iliungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, na kumwondoa kabla ya uhuru. Katika vijiji vya Bukedi na Bugisu, wapi mtu amebatizwa kulikuambia mara nyingi atapiga kura vipi.

Ili kupima maana ya kukaa mbali na madaraka, inafaa kuitazama Hispania, nchi inayotajwa kila watu wanapozungumzia Ukatoliki na dola. Mwaka 1953, Machi, Roma iliifanya Tororo kuwa jimbo kamili. Agosti mwaka huohuo serikali ya Jenerali Franco ilisaini mkataba na Vatikano uliolipa Kanisa la Hispania mishahara, ulinzi na nafasi katika kila shule, na kumpa yeye sauti katika uteuzi wa maaskofu. Kanisa la Tororo halikupewa lolote kati ya hayo, na halikuwa na deni lolote kwa mtawala. Hispania ilipoandika katiba mpya mwaka 1978 na kufuta dini ya taifa, Kanisa lilikuta kizazi kizima kikilihesabu miongoni mwa mambo ya udikteta, na makanisa yakaanza kupungukiwa watu. Sisemi kwamba Wakatoliki wa Tororo walikuwa watakatifu zaidi. Nasema umaskini wa kisiasa uliwaokoa na balaa hilo.

Umaskini huo nao ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1963 serikali ya Obote ilitunga sheria ya elimu iliyozitia shule za misheni mikononi mwa dola. Serikali ilikuwa na hoja: nchi huru haiwezi kuwafundisha watoto wake kwa mafungu ya madhehebu, na Mkatoliki aliyekataliwa shule ya Waanglikana, au mtoto wa Kiislamu aliyekataliwa zote mbili, alijua ubaya wa mfumo ule. Lakini kwa Kanisa la mashariki, ambalo shule ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kulia, lilikuwa pigo. Mapadre na masista walibaki na majina ya shule na majengo waliyoyajenga, huku uteuzi wa walimu wakuu na wanafunzi ukienda kwingine. Katekista ambaye hapo zamani alikuwa pia mwalimu wa kijiji alibaki katekista tu.

Miaka hiyohiyo Kanisa lenyewe lilikuwa likibadilika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu misa kwa lugha za watu, Kilatini kikaondoka altareni, na taratibu Lumasaba, Lusoga na Ateso zikachukua mahali pake na pa Luganda. Mwaka 1966 Jinja ikawa jimbo, na Joseph Willigers, Mholanzi wa Mill Hill, akawa askofu wake kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1968 Tororo ikampata James Odongo, mzalendo wa mashariki, baada ya miaka michache ya kuwa askofu msaidizi. Mwaka uliofuata Paulo VI akafika Kampala, papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa papa, akawaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wa nchi zao.

Kisha ukaja utawala wa kijeshi wa Idi Amin. Kiwanuka, wakati huo Jaji Mkuu, alitolewa kwa nguvu mahakamani Septemba 1972 na hakuonekana tena akiwa hai. Januari 1973 padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikana akauawa Februari 1977, na mwaka huohuo Amin akapiga marufuku vikundi vingi vya dini, akaacha Uislamu na makanisa makubwa machache tu. Katika miaka ya hofu, jina la Wafaransa na Waingereza lilianza kukosa maana. Mkatoliki na Mwanglikana wa Mbale walijificha vichaka vilevile, na waliombeana. Tangu Mengo hawakuwa wamekaribiana kiasi hicho.

Majaribu mengine yakafuata. Ukimwi ulipoingia, Sista Miriam Duggan, daktari wa Nsambya na mwana wa familia ileile ya kitawa ya Mama Kevin, alipeleka uuguzi majumbani na kuanzisha harakati ya vijana ya Youth Alive. Kanisa halikukubaliana na serikali kuhusu kondomu, na ubishi huo haujaisha, lakini katika nyumba nyingi aliyemwosha mgonjwa alikuwa jirani wa jumuiya yake.

Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya njia yao kuu ya kichungaji katika miaka ya 1970, ndizo zinazolibeba Kanisa leo katika mtaa kama Namakwekwe wa Mbale. Mbale imekuwa jiji tangu Julai 2020, na mitaa yake ina watu waliotoka kila upande: Wagisu walioshuka mlimani, Wateso waliokimbia vita vya mwisho wa miaka ya 1980, Wagwere, Wasoga, watu wa mpakani mwa Kenya, wafanyabiashara wanaoelewana kwa Kiswahili. Jumuiya hukutana sebuleni kwa mtu au chini ya mti uani, husali rozari, hujadili nani amelazwa, nani amefiwa, nani amekosa karo, na kofia hupitishwa. Anayeongoza mara nyingi ni mama muuza sokoni.

Hawako peke yao. Chuo Kikuu cha Kiislamu kimekuwa Mbale tangu 1988, Wayahudi wa Nabugoye wapo, na makanisa ya walokole yanapiga vipaza sauti usiku kucha. Sensa ya 2002 ilionyesha Wakatoliki wakiwa karibu asilimia 42 ya wananchi wote wa Uganda, na ile ya 2014 karibu 39, huku Wapentekoste wakipanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi 11. Vijana wanaohama hawaendi kwenye ukanaji Mungu kama wa Hispania. Wanakwenda mahali wanapoombewa kwa majina yao, wanapopewa maikrofoni, wanapoahidiwa kazi na uponyaji leo. Kanisa lenye parokia kubwa na padre mmoja anayekimbia kutoka kigango hadi kigango haliwezi kuwajibu kwa mahubiri ya Jumapili. Liliwahi kuwa na jibu: mtu mmoja kwa kila kijiji, anayejua kila nyumba, ambaye padre alimtegemea na ambaye alilipwa kidogo mno. Makatekista hao bado wapo, wazee wengi wao, na majimbo yanazungumza juu ya umuhimu wao zaidi kuliko yanavyowalipa.

Wakati huohuo mkondo umegeuka upande mwingine. Jinja ina kituo cha falsafa ambako vijana wa mashirika mengi ya kimisionari husoma kabla ya kutumwa nje. Askofu Mkuu wa Tororo tangu 2014, Emmanuel Obbo, ni wa shirika la Mitume wa Yesu lililoanzishwa Moroto mwaka 1968 ili Waafrika wapeleke Injili kwingine. Mapadre wa Uganda sasa husoma misa katika parokia za Ulaya zilizokosa vijana wa kuwa mapadre, zikiwemo za nchi zilizowatuma watu wa Mill Hill. Kama wanajua kutembea nyumba kwa nyumba kama walivyofanya makatekista wa Budaka, huko Ulaya watapata kazi.